Hili Gari ni la Nani?

"Dada, fungua boneti."

Nikainama, nikapapasa kando ya kiti, vidole vikagusa kishikio, nikavuta. Kitu kikalia "tak" huko nyuma ya gari.

Utingo aliyekuwa amesimama mbele na kitambaa mkononi, akisubiri boneti iachie, hakusema neno. Alizunguka hadi nyuma, akakifunga kile kimlango cha kujazia mafuta, akarudi akasimama palepale.

"Siyo hicho, dada. Kile kingine."

Kile kingine sikujua kiko wapi.

Ilikuwa saa tisa alasiri, katikati ya mlima Kitonga. Malori ya kwenda Tunduma yalikuwa yanapanda kwa gia nzito, moja nyuma ya jingine, yakitupita kwa shida kwenye kona. Mvuke ulitoka kwenye shoo, ule wavu wa puani mwa gari, na pembeni mwa boneti, na ile harufu ya kulanti, maji ya kupozea injini, iliyoungua, tamutamu, ilikuwa imetujaa puani. Kiti cha abiria alikaa mama mkubwa. Alikuwa ameupakata mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu aliye tayari kushuka wakati wowote.

Mjini tukisema "kitonga" tunamaanisha kitu cha bure. Anayepanda kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula hapewi chochote cha bure pale.

Kijana yule na dereva wake walikuwa wameegesha lori juu kidogo yetu. Kabla sijashuka alishakata matawi na kuyapanga barabarani nyuma ya gari langu, ili wanaokuja wajue kuna chombo kimekwama. Alipoona nahangaika alinijia mlangoni. "Samahani, dada." Akapitisha mkono chini ya dashibodi, kulia kwa usukani, akavuta mara moja bila hata kuangalia.

Boneti ikaruka kidogo.

Miaka sita nimeliendesha gari lile. Miaka sita goti langu la kulia limekaa shubiri moja tu kutoka kwenye kishikio kile.

Mama mkubwa alikuwa ananitazama. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia njia:

"Mwanangu, kwani hili gari ni la nani?"

"Langu, mama mkubwa."

Hakuongeza neno.

## Wiki tatu na swali moja

Tulifika Iringa salama. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka karibu na klipu. Wale vijana waliufunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, wakanijazia maji kutoka kwenye dumu lao, wakanifuata taratibu hadi Ilula kuhakikisha sichemshi tena. Walikataa hela. Kwa bidii niliwalipia chai.

Gari lilitengenezwa kesho yake. Swali la mama mkubwa ndilo lililobaki.

Nilirudi nalo Dar. Nikawa nalo kwenye foleni ya Ubungo, nikawa nalo jikoni. Jibu nililompa lilikuwa la kweli kwa makaratasi: kadi ya gari ina jina langu, mkopo wa kulinunua niliulipa mimi, kila mwezi kwa miezi ishirini na minne, hadi shilingi ya mwisho. Najua bei ya tairi zake. Najua tarehe ya bima yake bila kutazama popote. Lakini niliposema "langu" pale mlimani, nilisikia sauti yangu ikipungua nguvu mwishoni mwa neno, na nadhani mama mkubwa naye alisikia.

Nikaanza kurudi nyuma kutafuta ni lini niliwahi kuifungua boneti ile mwenyewe.

Sikupata hata siku moja.

Siku ya kulinunua, aliyeifungua alikuwa binamu yangu, akainamia injini na kusema "iko vizuri," nami nikaamini kwa sababu alisema kwa uhakika. Kwenye vituo vya mafuta, vijana wakiniuliza kama wanitazamie maji, nilijibu yako sawa. Yako sawa kwa ushahidi upi? Gereji nilikuwa namkabidhi fundi ufunguo, naenda kukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe na soda yangu, naitwa ikishafungwa. Kwa miaka sita nimeiona boneti ile ikiwa wazi kwa mbali tu, na sikuzote kuna mgongo wa mtu mwingine mbele yake.

Hakuna aliyenikataza kusogea. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Hata baba yangu, aliyekuwa na pikapu ya zamani na kila Jumapili asubuhi akiifungua na kuipima oili, hakuwahi kutufukuza. Alikuwa anatuambia tu, "Wanangu, mtachafuka," nasi wasichana tukarudi barazani. Kaka yetu akabaki. Leo kaka yetu anajua sauti ya fenibeti inayokaribia kukatika, na mimi najua kupika maandazi ya Jumapili asubuhi. Naupenda ujuzi wangu huo. Lakini haukuwa na kazi Kitonga.

## Picha ndogo kama ukucha

Jumapili ya wiki ya tatu, jua likiwa limeshapoa, nilienda uani na tochi ya simu. Nilitaka kuanza kama mtu asiyejua kitu, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa.

Nilianza na kitabu cha gari. Kilikuwa kwenye kisanduku cha mbele ya abiria tangu lilipotoka Japani, kurasa zaidi ya mia tatu, zote kwa Kijapani. Nilikifungua katikati, nikatazama michoro, nikakirudisha. Magari mangapi yanatembea katika nchi hii na vitabu ambavyo mwenye gari hawezi kuvisoma?

Kwa bahati, waliounda magari walifikiria hilo. Alama za kwenye vitufe na vishikio zimewekewa kiwango cha kimataifa, ISO 2575, ili mtu wa lugha yoyote azielewe. Alama ya boneti ni gari lililochorwa kwa ubavu, pua yake ikiwa imeinuka. Alama ya buti ni gari hilohilo, lakini kilichoinuka ni mkia. Alama ya mafuta ni pampu ya kituo cha mafuta. Ukishaziona mara moja, huwezi tena kuzichanganya.

Langu alama yake ilikuwa imefutika. Miguu ya watu, matambara ya waosha magari, vumbi la miaka. Kilichobaki ni mstari mmoja mweupe kama alama ya ukucha. Niliusafisha kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Ukaonekana mgongo wa gari, ukaonekana mdomo ulioinuka. Nilikaa pale sakafuni, mlango wazi, miguu nje, nikaitazama picha hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Ile niliyoivuta Kitonga iko chini, sakafuni, ubavuni mwa kiti. Ina picha ya pampu. Nilikuwa naivuta kila wiki kujaza mafuta, mkono ukaizoea, na siku ya taharuki mkono haufikiri, unaenda unakokujua.

Baada ya hapo nikawa kila nikipanda gari la mtu natafuta kishikio chake. Ni mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Magari mengi madogo ya Kijapani yanayoletwa huku, yenye usukani kulia, huwa nacho upande wa dereva, chini ya dashibodi, jirani na goti. Baadhi ya magari ya Ulaya yalisanifiwa kwanza kwa watu wanaokalia kushoto, na yalipohamishiwa usukani kulia, kishikio kikaachwa kulekule; unakikuta miguuni mwa abiria. Rafiki yangu mwenye Volkswagen alinishangaza kwa hilo. Ford Focus za mwanzo za Ulaya zenyewe huna cha kuvuta ndani: unasogeza nembo iliyo puani mwa gari, unaingiza ufunguo pale. Kirikuu, vile vigari vya mizigo, na Hiace za daladala injini iko chini ya viti, kwa hiyo kondakta anawainua abiria kwanza. Na ile Volkswagen ya kobe ya wazee wetu ukifungua mbele unakuta mizigo. Injini iko nyuma.

Nasema haya kwa sababu wiki zile nilikuwa najilaumu kana kwamba kishikio ni kitu ambacho kila mtu amezaliwa anakijua. Hakiko mahali pamoja. Lazima mtu akuoneshe, au ukitafute.

## Vidole gizani

Nikavuta. Boneti ikaachia kwa kishindo kidogo, ikainuka kiasi cha vidole viwili, ikagoma.

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, na nilishindwa. Nilijaribu kuinua kwa nguvu. Haikwenda. Nikarudi ndani nikavuta tena kishikio, nikarudi mbele, bado. Nikawaza labda nimeiharibu.

Kilichonisaidia ni kukumbuka mkono wa yule utingo. Alikuwa ameupitisha katikati, juu kidogo ya nembo, kiganja kikitazama juu, akaupeleka upande kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Nikafanya hivyo. Vidole vikakuta ulimi wa chuma. Nikausukuma kushoto, ukakubali. Kwenye magari mengine ulimi huo husukumwa juu, mengine kulia. Boneti ikawa nyepesi ghafla mikononi mwangu.

Kwa nini ziwe hatua mbili? Nilijiuliza usiku ule na jibu lake nimelipenda. Kishikio cha ndani huvuta waya unaopita kwenye ganda lake, sawa na waya wa breki za baiskeli, na waya huo unaifungua loki ya kwanza. Boneti nyingi bawaba zake ziko nyuma, chini ya kioo, na mdomo wake unatazama mbele. Loki hiyo ikiachia ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, upepo utaingia chini ya boneti na kuitupa yote kwenye kioo, nawe hutaona barabara. Kwa hiyo kukawekwa ndoano ya pili ambayo kwenye magari mengi haifunguki kwa kuvuta chochote ndani. Inahitaji mkono wa mtu aliyesimama mbele ya gari, na hakuna anayeweza kusimama mbele ya gari linalokimbia. Marekani wameiweka katika kanuni zao za usalama wa magari, kanuni namba 113: boneti inayofungukia mbele na inayoweza kumziba dereva lazima iwe na loki ya pili, au hatua ya pili ya kushika kwenye loki yenyewe.

Ndani nikakuta kifimbo cha chuma kimelazwa kwenye klipu yake. Nikakiinua na kukiingiza kwenye tundu lake chini ya boneti. Nikarudi hatua moja.

Injini yangu. Ilikuwa na vumbi, na majani makavu ya mwarobaini yamejazana chini ya kioo. Ule mpira mpya ulikuwa mweusi sana katikati ya vitu vilivyofifia.

## Kaka yangu hakukubaliana nami

Nilimsimulia kaka. Alicheka kwa furaha kwanza, kisha akasema kitu ambacho kilinikalia wiki nzima.

"Dada, una fundi. Mimi sijui kukata nguo na kushona, nina fundi cherehani. Friji yangu sijawahi kuifungua nyuma. Je, siyo yangu?"

Ni hoja nzuri. Sikuwa na jibu pale pale na sikutaka kujifanya ninalo. Kweli, sitatengeneza pampu ya maji. Nikiitazama injini hata leo, vitu ninavyovijua kwa jina havizidi kumi. Nikajiuliza kama yote haya ni fahari iliyoumizwa mbele ya mama mkubwa, na kwamba muda ule uani ningeutumia kulala.

Jibu lilikuja nilipofikiria tofauti ya friji na boneti. Friji haina kishikio kilichofichwa upande wangu. Boneti inacho.

Magari mengi ya zamani boneti zake zilifunguliwa kwa nje. Anayepita anaweza kuifungua. Kishikio kilipoingizwa ndani, kikafichwa nyuma ya mlango unaofungwa kwa ufunguo, mwizi wa betri akazuiliwa. Ni jambo jema. Anayelaza gari nje Dar anajua thamani yake. Lakini loki haimjui mwizi wala msamaria. Wote wawili wamesimama nje. Yule utingo alikuwa na maji, tyubu, uzoefu na moyo wa kusaidia, na vyote hivyo vilisimama mbele ya bati lililofungwa, vikinisubiri mimi. Aliyekaa pale nilipokaa ndiye peke yake aliyepewa uwezo wa kuruhusu msaada uingie.

Fundi hawezi kunifanyia hilo kwa niaba. Kiti ni kimoja.

Nilipomwambia kaka hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Mke wangu hajui kilipo cha kwetu." Jioni akanitumia ujumbe: wameshakitafuta pamoja.

## Kufungua na kufunga

Sasa nikawa mtu wa kufungua boneti. Kila Jumamosi asubuhi injini ikiwa baridi, natazama kopo la akiba la kulanti, kama maji yako kati ya mstari wa chini na wa juu. Nachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, naifuta, nairudisha hadi mwisho, nachomoa tena, nasoma. Gari liwe mahali tambarare, na kama injini imetoka kuzimwa, nasubiri dakika kadhaa oili iteremke kwanza. Nilifurahi. Nilijiona nimemaliza somo.

Jumamosi moja nilifunga kwa upole. Nililishusha bati hadi chini kwa mikono miwili, nikalibonyeza kidogo, nikaona limekaa. Nikaondoka kwenda Morogoro kwenye msiba.

Nilipopita Mlandizi lori kubwa lilinipita kwa kasi kutoka mbele, na upepo wake uliponipiga nikaona ukingo wa boneti ukipumua. Ulipanda, ukashuka. Nikadhani ni macho. Lori la pili: ukapanda tena, na safari hii niliona mstari mweusi kati ya boneti na taa.

Nilipunguza mwendo taratibu, nikawasha hazadi, nikatoka nje ya lami. Miguu ilikuwa inatetemeka. Nilisimama mbele ya gari, nikatia vidole: loki ya kwanza haikuwa imeshika kabisa. Kilometa zote zile boneti ilikuwa imezuiwa na ile ndoano ya pili peke yake, kile kiulimi cha chuma ambacho wiki chache nyuma nilikuwa nakilaumu kwa kunigomea.

Nilikishika kile kiulimi kwa kidole. Kilikuwa cha moto kwa jua.

Wengine watasema ni kosa dogo. Mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko la Kitonga, kwa sababu Kitonga sikujua, na Mlandizi nilijua nusu nikaamini najua yote. Boneti ya gari dogo kama langu inashushwa hadi ibaki kama shubiri moja hivi, halafu inaachiwa ianguke kwa uzito wake. Unasikia mlio mmoja mzito. Ukiisukuma kwa kiganja katikati ya bati unaweza kulibonyea, na bado isishike. Kisha unaingiza vidole ukingoni na kujaribu kuinua. Ikitikisika, rudia. Siku hizi nafanya hivyo hata kama aliyefunga ni fundi, tena mbele yake. Fundi wangu alidhani simwamini. Nilipomweleza habari ya Mlandizi, akaenda kuijaribu na ya kwake.

## Waya

Ndiye huyo fundi aliyenionesha jambo la mwisho. Nilimwambia kishikio kimekuwa kigumu, nakivuta kwa mikono miwili. Akaniita nisogee. Loki ilikuwa imekauka, imejaa vumbi jekundu lililogeuka kama saruji kwenye gresi ya zamani.

"Hii haijaguswa miaka, dada. Ukiendelea kuvuta kwa hasira, waya utakatika."

Aliisafisha kwa brashi na mafuta ya taa, akaikausha, akapaka gresi mpya kidogo. Kishikio kikawa laini. Nikamuuliza, na ukikatika? Akanijibu kwa vitendo. Mara nyingi hukatika palepale kwenye kishikio cha plastiki. Ncha ya waya ikiwa inaonekana, unaishika kwa koleo na kuivuta, boneti inafunguka. Ukiwa haujakatika ila loki imekwama, mtu mmoja aibonyeze boneti kuelekea chini, pale juu ya loki, na mwingine avute kishikio wakati huohuo. Mgandamizo ukipungua loki huachia. Ukikatika mbali, huko mbele, ni kazi ya kupita chini ya bampa au kwenye shoo kwa bisibisi ndefu, na hapo asiyezoea amwachie fundi.

Kisha akanionya kitu nilichokwisha kukiona Kitonga bila kukielewa. Kufungua boneti gari likichemsha ni sawa, mvuke ukishapungua. Kifuniko cha rejeta ni habari nyingine. Kazi yake ni kuyazuia maji yabaki na mgandamizo, ndiyo maana yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua, mgandamizo unatoweka, na maji yote yale yanachemka kwa mara moja, usoni mwako. Na huko nyanda za juu ndiyo zaidi: Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hata birika la chai linachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Utingo yule alituweka pale tukisubiri karibu saa nzima, tukila machungwa, na mama mkubwa akiuliza mbona hawafanyi kazi. Alikuwa anafanya kazi. Alikuwa anasubiri.

## Ruaha Mbuyuni

Mwezi uliopita nilimrudisha mama mkubwa Iringa, baada ya kliniki yake Muhimbili. Tulitoka alfajiri, tukavuka Mikumi, tukaona twiga watatu na nyani wengi. Ruaha Mbuyuni nikasimama. Yeye alidhani nasimama kwa ajili ya vitunguu, akaanza kutafuta hela kwenye mkoba.

"Nanunua, mama mkubwa. Ila kwanza natazama gari kabla hatujapanda."

Nilivuta handibreki, nikazima injini, nikapitisha mkono chini ya dashibodi. Boneti ikaachia. Nikashuka, nikaingiza vidole, nikausukuma ulimi kushoto.

Nilipogeuka alikuwa ameshashuka, amejifunga kanga ya pili kiunoni, amesimama ubavuni mwangu. Mkono wake mmoja tayari ulikuwa chini ya boneti, anaisaidia isianguke.

Hakuuliza gari ni la nani. Alitazama ndani, akatazama kopo la maji, akatazama mpira mweusi wa rejeta uliokwisha kupata vumbi lake. Joto lilikuwa linatupanda usoni. Muuza vitunguu alitukaribia na mafungu mawili, akasimama naye kuangalia.

"Hicho kifimbo," mama mkubwa akasema, akionesha kwa kidevu, maana mkono ulikuwa umeshika. "Kinaingia wapi?"

Nikakitoa kwenye klipu yake, nikamfunika mkono kwa kitambaa maana kilikuwa cha moto, nikamwachia akitafutie tundu lake.